Kiapo Kinasema Kununua Tu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeapa! Mbele ya mke wangu, mbele ya binti yangu, mkono juu ya Biblia ya marehemu mama. Mimi Ilaitia, mjuzi wa mambo yote, sitanunua chombo kipya cha umeme, cha betri wala cha jua mpaka deni la Parmod liishe. Sauti yangu ilitikisa mabati. Kuku walitoka mbio chini ya nyumba.

Mke wangu Vasiti hakutikisika. Akaniuliza kama nimesahau kiapo cha Pasaka. Sijasahau. Kile kilihusu saa ya mkononi. Hiki ni kiapo kingine kabisa.

Deni lenyewe limekuzwa na midomo ya watu. Dola mia nne tu. Kulikuwa na mashine ya umeme ya kukunia nazi, ikaungua kwenye nazi ya kwanza (nazi yenyewe ilikuwa na kiburi). Kulikuwa na kofia yenye taa na feni. Na hiyo saa, ambayo kila nikikaa inaniambia nisimame. Mtu mzima naamrishwa na saa! Nimeifunga shingoni mwa mbuzi. Siku hizi mbuzi anatembea sana.

Tatizo ni rehani. Parmod, mwenye duka pale Savusavu, alitaka dhamana, nikampelekea cherehani ya Vasiti. Kwa muda mfupi! Sasa inaota vumbi dirishani mwake, kati ya magunia ya mchele na picha ya harusi ya mwanawe. Parmod kasema Jumamosi adhuhuri ndiyo mwisho. Baada ya hapo anamwuzia mama mmoja wa Labasa ambaye ameshakuja kuipapasa mara mbili.

Na Vasiti ana nguo za kwaya. Mwezi huu kwaya zetu za Kimethodisti zinashindana Suva, mji mkuu, na wanawake wa kijiji wamemkabidhi yeye kitambaa chote, kijani kama jani changa la mgimbi. Anashona kwa mkono. Leo nimekiona kidole gumba chake, kimetobolewa kama chujio. Alikinyonya, akaniangalia.

Basi nitalipa. Mbata imeniletea dola mia tatu, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Bado mia. Mia ni nini kwa mtu ambaye mwaka wa kimbunga alishikilia paa la kanisa kwa mkono mmoja, mkono wa pili kikombe cha chai? Na chai haikumwagika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelishinda jaribu! Naandika upesi kabla ushujaa haujapoa.

Nilikwenda mjini na gunia la magimbi, niyauze nipate ile mia. Nikapita kwa Parmod. Kumsalimia tu. Na juu ya kaunta, loo! Droni. Mabawa manne, jicho moja, nyepesi kama kifaranga. Unasimama chini na kidude mkononi, yenyewe inapaa, unakiona kijiji chote kama wewe ni malaika. Hapo hapo nikazikumbuka nazi zangu. Nani anajua kinachotendeka kule juu ya minazi yangu? Hakuna. Huenda zinaoza. Huenda zinaibwa na popo. Mkulima wa kweli hawezi kulala hivyo.

Parmod akasema haya bosi, shika, kushika ni bure. Parmod ni mtu mbaya. Akasema bei dola mia sita, ila sisi ni marafiki, tunaweza kuzungumza. Mkono wangu wa kulia ukaondoka wenyewe kuelekea mfukoni. Nikauchapa kofi kwa mkono wa kushoto. Mama mmoja aliyekuwa akinunua vitunguu akasogea pembeni. Nikatoka mbio, nikarukia basi, na sikugeuka nyuma mpaka nyumbani.

Ndipo nikakumbuka gunia la magimbi. Limebaki dukani. Nimempigia Parmod. Anasema alidhani ni zawadi, wameshapika.

Jioni tulikaa kwenye bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, wanaume wa ukoo wote. Akaja Peniasi. Huyu ni kaka wa Vasiti, kwa hiyo shemeji yangu, na mtani wangu hadi kaburini. Ameuza mizizi ya yaqona ya miaka mitano, bei nzuri, kila mtu anajua. Amenunua ndara mpya na anatembea polepole ili tuzione. Nikamtazama. Nikaitazama yaqona. Wazo likashuka!

Mimi sinunui. Sawa. Lakini Peniasi akinunua? Kerekere inajulikana: ndugu akikuomba kitu chako, unatoa, tena unatabasamu. Ukinyima, watu watalisimulia jina lako hadi wajukuu. Kiapo changu kinasema kununua tu. Kuomba hakikutaja.

Basi nikamwanza. Nikamwambia shemeji, Savusavu kuna droni, lakini wewe usiende kuiangalia, itakutia uchungu bure. Akauliza uchungu gani. Nikamwambia ile ni ya watu wenye pesa na macho, wewe una pesa tu. Wanaume wakacheka. Akasema heri yeye mwenye pesa tu, kuliko mtu aliyemvalisha mbuzi saa ili awe na wa kumwuliza wakati. Wakacheka zaidi. Nikavumilia, mvuvi hagombani na chambo. Nikasema kule ng'ambo ya mto kila nyumba inayo, hata mchungaji wao anahesabu waumini kwa droni, na wanasema watu wa kwetu wangali wanatazama juu kwa kukunja shingo.

Hilo lilimwingia. Alikunywa bakuli lake akasahau kupiga makofi ya adabu.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi na mapema Peniasi mlangoni. Ndara mpya, shati la kanisani. Nyuma yake wazee wawili, mashahidi. Nikajua kuna jambo.

Akakaa mkekani, akapiga makofi mara tatu kwa adabu zote, akasema shemeji, nimekuja kwako na ombi. Nataka kwenda mjini kutoa aibu ya kijiji chetu. Nina mia nne. Nyingine nimetoa kanisani. Zimepungua mia mbili. Na kijiji kizima kinajua umeuza mbata.

Kerekere! Ananiomba mimi! Pesa ya kununulia kitu ambacho mimi ndiye nitamwomba yeye!

Wazee walikuwa wakinitazama. Vasiti alikuwa kisimani, Mungu ni mwema. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kopo, nikahesabu mia mbili kwa mkono mkunjufu. Uso ulitabasamu. Moyo ulikuwa sakafuni unatafuta mlango. Mzee mmoja akasema huyu ndiye mwanamume. Kweli, hilo hawezi kulipinga mtu.

Sijavunja kiapo. Nimetoa, sijanunua. Ila kopo limebaki na mia moja, na limekuwa jepesi kwa namna ya kuonekana. Nikatia misumari ndani ili liwe na uzito. Kisha nikalitikisa. Noti hazilii hivyo. Nikaitoa misumari.

Si kitu. Kesho droni ni yangu, nitawapigia picha watalii kule hotelini pwani, watanilipa mia tatu kwa alasiri moja. Wazungu hupenda kujiona kutoka juu. Deni kwisha, na chenji.

Jumatano, jioni

Peniasi amerudi nayo. Watoto, wazee, mbwa, wote uwanjani. Ikapaa! Iliruka juu ya kanisa, juu ya minazi, juu ya kisima. Tukamwona mchungaji kwenye kioo kidogo, amelala barazani, mdomo wazi. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na mimi nimemwona nyangumi akipiga chafya.

Sikungoja. Nikakaa chini mbele ya watu, makofi matatu, nikasema shemeji, naiomba hiyo.

Peniasi akameza mate. Akanikabidhi. Ikawa yangu. Nikaikumbatia.

Na yeye papo hapo akakaa chini, makofi matatu, akasema shemeji, naiomba hiyo.

Watu waliangua kicheko hadi mbwa wakakimbia. Nilikuwa tajiri kwa muda wa kupiga miayo. Nikamrudishia. Ningeiomba tena, angeiomba tena, tungezeekea pale uwanjani.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Vasiti alishusha kopo. Alikuwa ameuza mayai, anataka kuongeza dola saba zake. Akakuta mia moja.

Nilitegemea kelele. Kelele nazijua, nina njia zangu. Hakupiga kelele. Akatia zile saba, akafunika kopo, akarudi mkekani kwenye kitambaa cha kijani. Akasema tu, Baba Merewai, ile cherehani ilikuwa ya mama yangu. Kisha akachoma sindano. Kwenye kola niliona doa dogo la damu. Akalifuta kwa mate.

Nikatoka nje nikaongea na mbuzi kidogo. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi, macho yaliniwasha.

Lakini Ilaitia hafi chali! Nikiwa pale kwa mbuzi, nikaona njia. Kerekere inarudi. Kuna haki isiyorudi. Haki ya vasu! Mtoto wa dada kwa mjomba wake: anaingia, anachukua atakacho, anaondoka, na mjomba hana la kusema ila kupiga makofi ya heshima. Na dada wa Peniasi ni nani? Vasiti wangu. Na mtoto wake ni nani? Merewai wangu! Muuguzi wa zahanati, mtu mzima, ana cheo, mshahara wake ndio unaotulisha. Peniasi atamwambia nini?

Wakati wa chakula (magimbi, samaki wa tui, hakuna aliyenisogezea pilipili) nikamweleza. Nenda kwa mjomba wako, beba droni, lete hapa. Nitapiga picha za watalii, Jumamosi tunalipa.

Merewai aliacha kula. Akaniuliza baba, una hakika? Vasu akichukua, haulizwi? Nikamwambia haulizwi. Akauliza wala haambiwi akifanyie nini? Nikasema nani wa kumwambia! Akauliza hata baba yake? Nikapiga meza. Hata baba yake! Hata mkuu wa kijiji! Tangu enzi za mababu, kitu kikishika mkono wa vasu kimekwisha, ni chake, akitaka akitupe baharini!

Akamgeukia mama yake, akasema mama, umesikia. Vasiti akasema nimesikia. Na kwa mara ya kwanza leo akatabasamu.

Mnaona? Mwanamke anataka mpango tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi!

Saa mbili asubuhi Merewai akavaa sare yake nyeupe, akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake. Mimi nilijificha nyuma ya mchungwa wa jirani. Hakubisha hodi. Aliingia, akapita mbele ya Peniasi aliyekuwa anakunywa chai, akachukua droni na boksi lake na chaja, akasema asante mjomba, akatoka. Peniasi alibaki na kikombe hewani. Kisha, mtu wa mila huyu, akaweka kikombe chini na kupiga makofi. Polepole. Machozi yalikuwa hapo hapo, nusu fahari, nusu maumivu. Nilicheka hadi nikang'ata chungwa bichi.

Nikakimbia nyumbani kwa njia ya nyuma. Nikaweka kiti uani. Nikavaa kofia yenye taa. Nikangoja.

Merewai akaja. Akapita. Boksi kwapani, akanipungia mkono, akaenda hadi barabarani, akapanda basi la Savusavu.

Betri! Kaenda kununua betri za akiba. Mtoto mwenye akili. Kanirithi mimi.

Jioni ametuma ujumbe analala mjini kwa muuguzi mwenzake. Sawa. Mambo ya betri si ya kuharakisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Adhuhuri ilinikuta uani na kofia yangu. Likaja gari la mizigo. Merewai mbele, na nyuma, imefunikwa shuka, kitu chenye umbo ambalo sikulitaka.

Vijana waliishusha. Vasiti akatoka, akafunua shuka. Cherehani. Alipitisha kiganja juu yake kama unavyompapasa mtoto aliyetoka safari. Kisha akaenda kutafuta mafuta ya kuilainisha.

Nikamwita binti yangu pembeni. Droni iko wapi? Akasema kwa Parmod. Parmod kainunua tena kwa nusu bei, mia tatu, na ile mia ya kwenye kopo ilikuwa kwenye pochi yake, mama alimpa juzi usiku. Mia nne. Deni limeisha, karatasi imechanwa. Dola saba za mayai zimelipia gari.

Nikafungua mdomo kuuliza kwa idhini ya nani. Akanitazama. Akasema kwa upole kabisa, baba, hata baharini ulisema.

Nikavua kofia, nikazima taa yake.

Kisha akaja Peniasi! Nikafikiri hapa pana vita, angalau hilo litanifariji. Alikuja kuisalimia droni yake. Akakuta dada yake anashona. Akasikia kisa chote. Akasimama pale na ndara zake, akaangalia cherehani ya mama yake mzazi, akaangalia kidole cha dada yake, akaanza kulia kama mvua ya Februari. Kisha akajifuta, akawaambia majirani kwamba huo ndio ulikuwa mpango wake tangu mwanzo.

Tangu mwanzo! Mwongo mkubwa! Na wanamwamini! Vasiti kampa chai ya vijiko vinne vya sukari. Mimi hupata viwili.

Ila nitaandika hili, hakuna asomaye. Jioni nilikaa ngazini. Cherehani ilikuwa inakwenda, tra-tra-tra-tra, inasimama, inakwenda tena. Vasiti alikuwa anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu iondoke. Ni sauti nzuri kushinda droni. Kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani, mchungaji kamsifu Peniasi kwa jina. Ndugu anayeacha anasa kwa ajili ya dada yake. Kamwambia asimame. Akasimama. Kwa muda mrefu. Mimi niliyeanzisha kila kitu, niliyetoa mia mbili zangu taslimu, nimeachwa nimekaa kama benchi.

Lakini mahubiri marefu ni baraka. Katikati ya Mambo ya Walawi nilipigwa na radi ya fikra. Kumbe mimi nami ni mpwa wa mtu!

Marehemu mama ametoka kijiji cha ng'ambo ya ghuba. Kaka yake yuko hai: Mjomba Tomasi, miaka themanini na kitu, haoni vizuri. Na wanawe walioko Sydney wamemletea runinga kubwa kama mlango wa kanisa. Amening'iniza taulo juu yake. Taulo!

Mimi ni vasu. Naingia, nachukua, natoka. Mjomba anapiga makofi. Miaka hamsini na miwili nimekuwa na haki hii nikaiacha kabatini! Merewai ana haki, mimi sina? Amejifunza kwa nani?

Nilisema Amina kwa sauti. Haikuwa mahali pa Amina.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamkia kwa Parmod. Kanishika mkono, kanipa chai na roti. Kasema bosi, sasa jina lako ni safi kabisa dukani kwangu, sijawahi kuliona safi hivyo. Maneno hayo yaliniingia mifupani. Jina safi linalokaa bure ni hasara.

Nikamweleza. Runinga ipo, ni yangu kwa mila. Kinachohitajika ni boti ya kuvuka ghuba, gari upande huu, na sahani ya setilaiti, maana runinga bila sahani ni taulo tu. Mia tatu na hamsini. Sikuinunua runinga, kwa hiyo hakuna ubaya. Na kiapo changu kilikuwa mpaka deni liishe. Limeisha Jumamosi. Nilisimama wima nilipomwambia hivyo, mtu huru.

Parmod alicheka hadi akashikilia kaunta. Kisha akavaa miwani, akatoa karatasi mpya, akauliza kuhusu dhamana.

Nikafikiri sana. Mbuzi? Mbuzi ana saa lakini hana soko. Nikakumbuka kuna kitu kimoja nyumbani ambacho Parmod anakifahamu vizuri, anajua kinakaa vipi dirishani, na juzi tu kimetiwa mafuta.

Kijana wake atakuja kukichukua Alhamisi jioni, Vasiti akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ningesema kesho, lakini bado ana nguo nne za kumalizia, na mimi si mtu wa kumkatiza mwenzangu kazi.